Bega la nguruwe limegoma kwenye nyuzi joto 68 kwa saa nne nzima: kosa ni la moto, la nyama au langu?

#1 Mgeni wa Greensboro

Wakuu, habari za jioni. Naishi Greensboro, jimbo la North Carolina, huu ukiwa mwaka wangu wa sita, na huku kumwalika mtu nyumbani Jumamosi bila bega la nguruwe lililobanikwa kwa moshi na kuchambuliwa ni kama kumwalika mtu Kilimanjaro ukamnyima ndizi.

Jumamosi iliyopita nilinunua bega lenye mfupa, uzito wa kilo 3.6, nikalipaka tangu usiku chumvi, pilipili manga, paprika na sukari kidogo. Saa kumi na mbili alfajiri nikaliweka kwenye jiko la duara lenye mfuniko, mkaa ukiwa upande mmoja na nyama upande wa pili, na juu ya mkaa nikaweka vipande vitatu vya kuni za hikori. Jiko nililishikilia kwenye nyuzi joto 110 za Selsiasi. Ilipofika saa sita mchana, kipimajoto nilichokichomeka katikati ya nyama kilisoma 68, nikapiga hesabu na kuona kwamba saa tisa tutakuwa mezani. Saa saba kikasoma 68. Saa nane kikasoma 68. Saa tisa kikashuka hadi 67, na saa kumi kikarudi palepale kwenye 68.

Wageni nilikuwa nimewaalika saa kumi na moja. Nikaongeza mkaa, jiko likapanda hadi 160, na saa kumi na moja na nusu nikaitoa nyama ikiwa imefika 82. Haikukubali kuchambuka hata kwa uma mbili, ikabidi niikate kwa kisu. Shemeji yangu alikula vipande vitatu, akapangusa mdomo, akasema: "Hii ni kitimoto ileile ya nyumbani, ila imechelewa kufika."

Jirani yangu wa kulia anasema kolajeni, ile protini ngumu ya kano, ndiyo iliyokula joto wakati inalainika. Jirani wa kushoto anasema ni mafuta yaliyokuwa yakiyeyuka. Wote wawili wamezaliwa hapa na wote wawili wanabanika kila mwezi. Nani mkweli, na mara nyingine nifanye nini?

#2 Fundi Pipa

Pole mkuu. Hilo ni jambo la kawaida, sisi huku Moshi tunaliita mgomo, na hakuna bega kubwa lisilogoma. Kabla ya kuwasikiliza majirani, nijibu kwanza: hizo nyuzi 110 ulizisoma wapi? Kama ulizisoma kwenye saa iliyobandikwa kwenye mfuniko, basi ulikuwa unapima hewa ya darini wakati nyama imelala sebuleni. Mimi kwenye pipa langu niliwahi kukuta tofauti ya nyuzi zaidi ya 20 kati ya mfuniko na wavu.

#3 Nyuki Mkali

Mtu wa Moshi akizungumzia moshi, sisi wengine tukae tunyamaze.

#4 Mkemia wa Mabibo

Mgeni wa Greensboro, majirani zako wote wawili wamekosea, na jibu liko kwenye mtungi wa bibi yako. Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu udongo unavuja unyevu kidogo kidogo, unyevu ule unageuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto. Bega la nguruwe nalo ni mtungi. Linapopata moto wa taratibu, misuli inajikunyata na kusukuma maji juu, uso wa nyama unatoa jasho, na jasho lile linaipooza nyama kwa kasi ileile ambayo jiko linaipasha. Pande hizo mbili zikilingana, kipimajoto kinasimama, na kitaendelea kusimama hadi uso ukauke kiasi cha kushindwa kutoa jasho la kutosha.

Hili limejaribiwa. Mwanafizikia wa Marekani anayeitwa Greg Blonder aliweka kwenye joto la kubanikia sifongo iliyolowa maji, na kando yake bonge la mafuta matupu ya ng'ombe. Sifongo iligoma kama nyama inavyogoma, ingawa haina kolajeni wala mafuta. Bonge la mafuta, ambalo jirani wa kushoto angelitarajia ligome kuliko vyote, lilipanda joto bila kusimama popote.

#5 Dereva wa Masafa

Nawasalimu kutoka Kansas City. Mkemia ameeleza vizuri, lakini mimi sifongo siili. Nimebanika mabega tangu mwaka 2014, na mwaka jana nilinunua mawili kwenye bucha moja, siku moja, yakiwa yamepishana gramu chache tu. Niliyaweka kwenye wavu mmoja na moto mmoja. Moja liligoma saa mbili, la pili likagoma karibu saa tano. Kama ni jasho peke yake, kwa nini yatofautiane namna hiyo ndani ya hewa ileile? Nguruwe wawili hutofautiana kwa umri na kwa namna walivyotembea, na mnyama aliyetumia bega lake sana ana kano nyingi zaidi za kulainisha. Mimi nabaki na jirani wa kulia.

#6 Mama Ukoko

Wanaume mna maneno. Bega likifika nyuzi 70 lifunge kwenye foili, mara mbili, ulikaze, ulirudishe motoni. Mgomo unaisha ndani ya nusu saa. Huko Marekani wenyewe wanakuita huko kufunga mkongojo wa Texas, kwa dharau, kana kwamba nyama imeshindwa kutembea yenyewe.

Hasara yake ni moja, nayo kwangu ni kubwa, ndiyo maana nimejiita hivi nilivyojiita. Ule ukoko mweusi wa juu, ambao ni viungo, chumvi, sukari na protini vilivyokaukiana, ukiufunga ndani ya foili unalowana na kuwa kama ukoko wa wali uliomwagiwa mchuzi. Anayetaka yote mawili afunge kwa karatasi nene ya buchani isiyo na nta, kwa sababu inapitisha mvuke kiasi.

#7 Mgeni wa Greensboro

Nashukuru kwa majibu. Fundi Pipa, ni kweli nilisoma kwenye mfuniko. Nimepima leo kwa kipimajoto cha pili nilichokilaza kwenye wavu: mfuniko unasoma 110, wavu unasoma 96. Nimeona aibu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitaja. Kuanzia saa nne asubuhi nilikuwa nafunua kila baada ya nusu saa na kuinyunyizia nyama maji ya tufaha yaliyochanganywa na siki, kwa kuwa niliona wanafanya hivyo kwenye video.

#8 Mkemia wa Mabibo

Basi kesi imefungwa. Ulikuwa na mtungi, na kila nusu saa ukawa unaulowesha upya, kisha unafunua mfuniko ili upepo upite.

#9 Dereva wa Masafa

Kesi haijafungwa. Kwa kipimo chake kipya, bega lake lilikuwa kwenye nyuzi 96, na kwenye nyuzi 96 hata nyama isiyonyunyiziwa kitu itakawia hadi usiku wa manane. Mwanzo tuliambiwa ni jasho la nyama, sasa imekuwa ni jasho la kopo la kunyunyizia. Mkemia achague.

#10 Mla Mifupa

Na mimi niongeze la tatu ambalo hakuna aliyeligusa. Mkaa uliowashwa saa kumi na mbili alfajiri, ifikapo saa sita mchana una majivu ya kutosha kuziba matundu ya chini. Moto unadhoofika polepole bila mtu kuona. Yawezekana nyama haikugoma kabisa, ila jiko ndilo lililosinzia. Mara ngapi mtu hulaumu gari kumbe tangi limekauka? Mgeni, uliwahi kukung'uta majivu?

#11 Mgeni wa Greensboro

Sikuyagusa.

#12 Mwana Limuru

Salaam kutoka Limuru. Nimesoma kuanzia mwanzo na nina kisa ambacho huenda kikawasaidia wale wanaobanika kwenye nchi za juu.

Mapishi mengi ya Marekani husema nyama itolewe ikifika 203 za Farenhaiti, yaani 95 za Selsiasi. Niliponunua kipimajoto changu Nairobi nilikijaribu kama tunavyoshauriwa, kwa kukitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kikasoma 94. Nikakirudisha dukani na kulalamika kwamba kina kasoro ya nyuzi sita. Muuzaji, mtu mpole, akanipa kingine. Nacho kikasoma 94. Nilikuwa tayari kumwita mlaghai mbele ya wateja ndipo binti yangu wa sekondari aliponikumbusha kwamba Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwamba katika kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 94. Hapa Limuru, palipo juu zaidi, yanachemka hata kabla ya 94.

Sasa fikirini. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji. Nilikuwa nasubiri ifike 95 katika nchi ambayo maji yenyewe hayafiki 95. Bega langu la kwanza lilikaa motoni saa kumi na saba, na nilipolitoa lilikuwa kama ufumwele wa katani. Mgomo wangu mimi haukuwa wa 68, ulikuwa wa 91, na haukuwa na mwisho.

#13 Dereva wa Masafa

Hili sikuwahi kulifikiria, na sasa nimeelewa kwa nini rafiki yangu aliyehamia Denver analalamika. Denver iko maili moja kamili juu ya bahari, mita 1,609, na yeye kila mara hunipigia simu akisema nyama yake imekataa kuvuka 93.

#14 Fundi Pipa

Mwana Limuru amenirekebisha bila kunitaja, kwa maana mimi nimekuwa nikiwaambia watu wa Arusha na Nairobi wafuate 95 yangu. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, maji yanachemka kwenye 97 hivi, kwa hiyo 95 inafikika, ingawa kwa kujikokota.

Ushauri wangu ni kuacha kuabudu namba ya mwisho. Nyama ikishapita 88, chukua kijiti chembamba cha mshikaki ukichomeke sehemu tatu tofauti. Kama kinaingia kama kinavyoingia kwenye parachichi lililoiva, iko tayari. Kisha shika ule mfupa bapa wa bega, uzungushe kidogo na kuuvuta. Ukitoka mkavu na mweupe, kama panga linavyotoka kwenye ala, umemaliza, kipimajoto kiwe kinasoma 91 au 96. Ukitoka na nyama imeng'ang'ania, rudisha.

#15 Kijana wa Kibosho

Naomba msaada kuhusu kuni. Huku hakuna hikori. Mara ya kwanza nilichukua mabaki ya mbao kwa seremala jirani, nikayaweka juu ya mkaa, na nyama ikatoka chungu kiasi kwamba ulimi ulikufa ganzi. Moshi wenyewe ulikuwa mzito na mweupe kama wa kufukuza mbu.

#16 Fundi Pipa

Mbao za seremala usizirudie tena, kwa sababu huwezi kujua kama zimepakwa dawa ya mchwa, gundi au vanishi. Hata zikiwa safi, nyingi huku ni za msindano wa kupandwa, yaani mti wenye utomvu wa lami, na lami ile ndiyo iliyokuganzisha ulimi. Mkaratusi nao unaacha harufu ya dawa ya kikohozi.

Tafuta mti mgumu wa matunda uliokatwa na kukaushwa miezi sita au zaidi. Mimi natumia mpera, na wakulima wa kahawa wanapopogoa au kung'oa mibuni mizee nachukua shina zake, ambazo zinawaka taratibu na moshi wake ni mtamu. Mwembe nao ni mzuri. Kuhusu moshi mweupe, huo ni dalili kwamba kuni zinafukuta kwa kukosa hewa. Fungua tundu la juu lote, na upunguze moto kwa tundu la chini peke yake. Moshi unaoutaka ni ule mwembamba wa rangi ya samawati, ambao ukisimama mbali huuoni, unausikia tu kwa pua.

#17 Mkemia wa Mabibo

Fundi, nakupinga kwenye mwembe. Mwembe na mkorosho ni ndugu, na utomvu wa mwembe una viambato vinavyowasha ngozi za baadhi ya watu, ndiyo maana kuna wanaovimba midomo kwa kula embe na maganda yake. Nisingekaa karibu na moshi wa mti huo, sembuse kuupikia wageni.

#18 Fundi Pipa

Mkemia, nimebanika kwa mwembe mkavu kwa miaka minane na midomo yangu iko palepale. Huenda ukavu wa kuni ndio unaoleta tofauti.

#19 Mpwani Halisi

Mimi mnyama wenu simli, nimepita kwa sababu ya neno. Tangu post ya kwanza mnasema "kubanika", wengine "kuchoma", na mahali pengine nimeona "kukausha". Kwetu kubanika ni kuweka samaki au nyama juu ya ubanio au wavu, mbali kidogo na moto, ikaive na kukauka kwa joto na moshi. Kuchoma ni juu ya makaa. Kwa hiyo neno mnalotumia ni sahihi, na nawapongeza. Hilo la mgomo nimelipenda pia. Swali langu ni kama haya yote yanafanya kazi kwa bega la ng'ombe.

#20 Dereva wa Masafa

Karibu, Mpwani. Yanafanya kazi, na bega la ng'ombe hugoma vilevile. Uchague sehemu yenye mafuta ndani ya misuli, kwa sababu ile isiyo na mafuta ikikaa motoni saa kumi inageuka soli ya kiatu.

Tukiwa kwenye majina, wasomaji wa Marekani mkienda dukani mtakuta kipande hiki kimeandikwa "Boston butt", na wengi wanadhani ni makalio ya nguruwe. Si makalio. Ni sehemu ya juu ya mguu wa mbele, yenye mfupa bapa wa bega. Sehemu ya chini ya mguu uleule inaitwa "picnic", ina ngozi na kano nyingi na inachambuka kwa shida zaidi. Jina la Boston husimuliwa kwamba lilitokana na mapipa yaliyoitwa "butt", ambamo wachinjaji wa New England walikuwa wakishindilia vipande hivyo.

#21 Nyuki Mkali

Hadithi hiyo ya mapipa naisikia kila mahali, na kila anayeisimulia ameisikia kwa mwingine. Ni kama ile ya kwamba kitimoto iliitwa hivyo kwa sababu waliokuwa wakiila kwa kificho walikaa kwenye viti kama vinawaunguza.

#22 Mkaguzi Mstaafu

Vijana, mmejaza ukurasa mzima kuhusu ulaini na hakuna aliyezungumzia usalama. Nilikagua nyama kwa miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia.

Kwanza, nunueni nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Nguruwe wanaozurura huokota mayai ya tegu, na misuli yao hujaa malengelenge madogo meupe kama punje za mchele. Bega lina mengi kuliko mgongo kwa sababu ni msuli unaofanya kazi. Ukiona punje hizo, usijiambie kwamba moto utazimaliza, irudishe. Ni kweli kwamba nyama iliyofika 90 ndani imeshawaua, kwa maana Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu mwaka 2011 inaridhika na nyuzi 63 kwa kipande kizima cha nguruwe, kisha kipumzike dakika tatu. Lakini kisu na ubao wako wa kukatia havikupita motoni.

Pili, bakteria hustawi kati ya nyuzi 4 na 60. Mtu asianze kubanika usiku, akazima moto nyama ikiwa na nyuzi 45 kwa sababu ya usingizi, akasema ataendelea asubuhi.

#23 Mgeni wa Greensboro

Mzee, shikamoo, na asante. Naomba nikuulize hapohapo. Nilipoikata nyama yangu ilikuwa na mviringo wa waridi chini ya ukoko, unene wa kama nusu sentimita, na mke wa shemeji aliusukuma pembeni ya sahani akisema ni mbichi. Je, alikosea?

#24 Mkaguzi Mstaafu

Marahaba. Ubichi hauanzii nje kwenda ndani, mwanangu. Kama katikati palikuwa pamegeuka kijivu na pembeni ndipo penye waridi, hiyo si damu.

#25 Mkemia wa Mabibo

Ni kazi ya gesi za moto, hasa oksidi ya nitrojeni na monoksidi ya kaboni, zinazoingia kwenye uso wenye unyevu na kushikamana na ile protini inayoipa nyama wekundu kabla joto halijaigeuza kuwa kijivu. Nyama ikishapita takriban nyuzi 60, mviringo hauongezeki tena, hata ukiifukiza mchana kutwa. Mviringo huo hauna ladha yoyote. Watu wanausifia kwa macho tu.

#26 Mama Ukoko

Turudi kwenye chakula. Mgeni yuko North Carolina na hajatuambia ameilia na nini.

#27 Mgeni wa Greensboro

Mama, hapo umegusa ugomvi mkubwa kuliko wa Mkemia na Dereva. Upande wa mashariki wa jimbo hili wanabanika nguruwe mzima, wanamkatakata, na mchuzi wao ni siki, pilipili kali na chumvi, basi. Ukisogea magharibi hadi Lexington, mji ulio mwendo mfupi kwa gari kutoka kwangu, wanabanika bega peke yake, na kwenye ile siki wanatia nyanya ya chupa na sukari kidogo. Lexington wana tamasha lao la nyama hiyo kila Oktoba tangu mwaka 1984, barabara kuu inafungwa. Watu wa mashariki wanaiona ile nyanya kama usaliti. Ukivuka kwenda South Carolina unakuta mchuzi wa haradali, na hao pande zote mbili hazitaki hata kuwazungumzia.

Mimi nilitengeneza wa mashariki: vikombe viwili vya siki ya tufaha, kijiko cha chumvi, vijiko viwili vya pilipili iliyopondwa, ukakaa usiku kucha. Mchuzi ndio kitu pekee ambacho shemeji hakukisema vibaya.

#28 Mama Ukoko

Hiyo ni achari bila embe. Siku nyingine toa nusu ya siki uweke maji ya ndimu, na pilipili iwe mbuzi. Kachumbari ya kabichi iwe kando, isichanganywe na nyama mapema, inailowesha.

#29 Mgeni wa Greensboro

Wakuu, nimerudi na matokeo, na nimejitahidi kuwatendea haki wote. Juzi nilinunua mabega mawili, kilo 3.4 na kilo 3.5. Kipimajoto cha jiko nilikilaza kwenye wavu. Majivu nilikung'uta mara tatu. Sikunyunyizia kitu. Niliyaweka saa tisa usiku, wavu ukiwa 115.

Saa tatu asubuhi yote mawili yalikuwa kwenye 67 na yakaanza kugoma pamoja, kama vyama viwili vya wafanyakazi. Saa tatu na nusu lile la kilo 3.4 nikalifunga kwenye foili, la pili nikaliacha wazi. Lililofungwa lilianza kupanda ndani ya dakika ishirini na kufika 95 saa saba mchana. Lililo wazi lilisimama kati ya 68 na 71 hadi karibu saa saba, kisha likapanda lenyewe bila mimi kugusa moto, likamaliza saa kumi na moja jioni. Yote niliyafunga taulo na kuyapumzisha ndani ya deli lisilo na barafu, la kwanza saa nne, la pili saa moja.

Mifupa yote ilitoka mitupu. Kwenye foili kulikuwa na mchuzi wa vikombe viwili, nikauengua mafuta na kuurudishia kwenye nyama iliyochambuliwa. Lililo wazi, baada ya kutoa mfupa, lilikuwa na kilo 2.1.

#30 Mkemia wa Mabibo

Asante kwa vipimo, sasa tuhesabu. Kupasha kilo 3.5 za nyama kwa nyuzi 25, kutoka 70 hadi 95, kunahitaji chini ya kilojuli 300. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260. Hata tukisema sehemu ya uzito uliopotea ni mafuta yaliyodondoka na mfupa ulioutoa, bado maji yaliyoruka yalikula joto mara nyingi zaidi ya lile lililohitajika kuiivisha nyama yenyewe. Kolajeni, ambayo ni asilimia chache tu ya uzito wote, haiwezi kufika hapo hata ikijitahidi.

#31 Dereva wa Masafa

Hesabu naikubali, ila inaeleza kwa nini nyama hugoma, haielezi kwa nini mabega yangu mawili yalipishana saa tatu. Yote yalikuwa na maji, na yote yalikuwa wazi.

#32 Mkemia wa Mabibo

Moja lilikuwa bapa na jingine la mviringo? Moja lilikuwa na tabaka nene la mafuta juu? Moja lilikaa karibu na tundu la hewa?

#33 Dereva wa Masafa

Sikuyapiga picha. Ila nakumbuka lililochelewa ndilo lililochambuka vizuri zaidi, na hilo jasho halilielezi.

#34 Mla Mifupa

Na mimi natambua kwamba safari hii majivu yamekung'utwa mara tatu, na muda wa mgomo ni uleule wa saa nne. Natoa hoja yangu kwa muda, nikiwa na haki ya kuirudisha.

#35 Mama Ukoko

Mnazozana na aliyepika hamjamuuliza. Mgeni, ukoko wa lipi ulishinda?

#36 Mgeni wa Greensboro

Mama, ukoko wa lile lililoachwa wazi uliliwa jikoni na mimi na shemeji, tukiwa tumesimama, kabla sahani hazijafika mezani. Wageni walipata wa foili.

#37 Mwana Limuru

Moderata, tafadhali uzi usifungwe. Jumapili nabanika hapa Limuru nikiwa na kuni za mbuni, nitalifunga kwa karatasi likifika 66 na kulitoa kwa kipimo cha mfupa peke yake. Vipimo nitavileta Jumatatu.